Ufagio Usioamriwa: Kazi ya Hiari katika Historia ya Bukavu



Katika kitabu cha Nehemia kuna sura ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Ni sura ya tatu, na karibu yote ni orodha ya majina. Yerusalemu ilikuwa gofu. Waliorudi kutoka uhamishoni waliamua kuujenga upya ukuta wake, na mwandishi akaona vema kutaja nani alijenga wapi. Wapo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato na wafanyabiashara. Yupo mtu mmoja aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Wengi walijenga pale palipoelekea nyumba zao wenyewe. Wakubwa wa Tekoa nao wametajwa, lakini kwa aibu: walikataa kuinama na kufanya kazi pamoja na wenzao. Na lango la jaa, yaani lango ambalo taka za mji zilitolewa kwalo, lilijengwa na Malkiya, aliyekuwa mtawala wa wilaya. Mtawala wa wilaya, kwenye lango la taka! Sisi wa Bukavu hatuhitaji maelezo mengi ili kuielewa sura hiyo.

Tumeona vema kuandika habari hizi kwa sababu vijana wa parokia zetu wanaposhika fagio na beleshi siku ya Jumamosi, wazee wanaopita njiani huwauliza: “Mmerudisha salongo?” Wengine huuliza kwa kucheka, wengine kwa uchungu. Swali hilo lina historia ndefu, na asiyeijua historia hiyo hawezi kuelewa kwa nini jirani mwema, asali kila siku katika shirika lake, anaweza kufunga mlango anapoona watu wanakuja na majembe.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wetu umekaa juu ya rasi tano zilizoingia katika Ziwa Kivu. Wageni hupenda kuulinganisha na mkono uliochovya vidole majini. Nyuma ya vidole hivyo vilima hupanda ghafula. Wazee wa Bushi husema kwamba jina la Bukavu latokana na bunkafu, mahali pa ng’ombe. Wabelgiji walianzisha kituo chao hapa mwaka 1901, na mwaka 1927 wakauita mji Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans. Jina la Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950. Mpango wa mji wa kikoloni ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho: Wazungu kwenye rasi, karibu na maji na upepo, Waafrika juu mlimani, Kadutu, na baadaye Bagira. Mvua haikuwa na habari ya ubaguzi huo. Kilichotupwa juu kilishuka chini, kikapita makorongo, mifereji na mto Kawa, kikaingia ziwani. Hata leo njia ni ileile, ila kinachoshuka kimeongezeka.

Babu zetu waliijua kazi ya pamoja kabla ya serikali yoyote kuiamuru. Jirani alipojenga nyumba au alipokuwa na shamba kubwa la kulima, wengine walikuja na majembe yao, na jioni walikaribishwa kasiksi. Hakuna aliyeandika majina ya wasiokuja, ingawa kila mtu aliyakumbuka. Ukoloni uliikuta desturi hiyo na kuigeuza. Amri ya mwaka 1917 iliwapa watawala uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji wa Kongo walime mazao yaliyoagizwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo zikafikishwa 120. Asiyetii aliadhibiwa. Tangu wakati huo kazi ya wote ikaanza kufanana na kazi ya bwana mkubwa, na mtu mwenye akili akajifunza kuikwepa.

Ndipo mwaka 1952, katika mji huuhuu, Padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika, ambao tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, alipoanzisha Xaveri. Wengi wenu mmevaa skafu yake bila kujua kwamba chama hicho, ambacho leo kipo Rwanda, Burundi na katika nchi nyingine, kilizaliwa Bukavu. Kijana hakuandikishwa humo kwa amri. Aliingia kwa kutaka, akaahidi kwa kinywa chake mwenyewe, na utumishi alioufanya ulikuwa tunda la ahadi hiyo. Katika nchi ambayo kila kazi ya wote ilikuwa na askari nyuma yake, jambo hilo halikuwa dogo.

Miaka 20 baadaye mlango ulifungwa. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulivipiga marufuku vyama vya vijana vya Kanisa. Kijana wa Zaire alitakiwa awe na chama kimoja tu, kile cha vijana wa MPR. Na ni katika miaka hiyohiyo ya 1970 kwamba salongo ilienea nchini. Neno hilo ni la Kilingala, lenye mzizi wa kufanya kazi. Kila juma, kwa kawaida Jumamosi, raia walitakiwa kufagia barabara, kufyeka majani na kuzibua mifereji, kwa moyo wa uzalendo. Kwa tamko ilikuwa kazi ya kujitolea. Kwa matendo ilikuwa ya lazima, na asiyeonekana alitozwa faini.

Tazameni mambo hayo mawili yalivyokwenda pamoja. Serikali iliyowanyima vijana ruhusa ya kujitolea ndiyo iliyowaamuru wajitolee. Hatusemi kwamba salongo haikusafisha kitu. Wazee wengi wanakumbuka njia zilizokuwa safi kuliko za leo, na kumbukumbu hiyo tusiidharau. Lakini ufagio ulijifunza kumtazama polisi badala ya kuutazama uchafu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, haikuwa ajabu kwamba wengi waliuweka ufagio chini kana kwamba nao ulikuwa mali ya chama.

Kitu kimoja hakikufungwa. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za wakristu wanaoishi jirani, zile ambazo sisi huku Kivu tunaziita mashirika. Serikali iliweza kufuta chama chenye skafu na bendera. Haikuweza kufuta kikao cha familia chache zinazosali uani kwa mwenzao jioni, zikachanga franga za mgonjwa, zikakubaliana nani atafagia nyumba ya mjane siku ya kilio. Humo ndimo kazi isiyoamriwa ilimobaki hai. Na kwa haki tuwataje pia mama za soko la Kadutu, ambao kila asubuhi, kabla ya kupanga sombe na samaki, hufagia mbele ya meza zao. Hakuna aliyewahi kuwaita wafanyakazi wa hiari wala kuwapiga picha. Wao ndio warithi halisi wa wale wa Nehemia waliojenga palipoelekea nyumba zao.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa masimulizi ya nyumbani. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka Ruzizi kwa mamia ya maelfu. Nyua za shule na za parokia zikajaa kabla ya watu kupelekwa katika kambi kama Kashusha na Inera. Kisha askari wakaingia mjini mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004, na tena Februari 2025. Kati ya nyakati hizo, watu wa vijiji walikimbilia mjini kutafuta usalama, wakajenga walipopata nafasi: kwenye miteremko, juu ya makorongo, kando ya mifereji, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Mji uliopangwa na wakoloni kwa watu wachache ukabeba umati. Mtu asiye na barabara mbele ya nyumba, asiye na pipa, asiye na gari la taka linalopita, ana korongo tu. Anatupa usiku, mvua inachukua, asubuhi mahali ni safi. Tukitaka kusema ukweli juu ya utupaji holela wa taka katika Bukavu, lazima tuanze hapo, kabla ya kuwalaumu watu kwamba hawana adabu.

Vijana wanaofagia Nyawera wajue pia mahali wanapofagia. Hapo, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Baba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa amekataa kuuacha mji wake. Leo ni mahali pa pikipiki, taksi na wauzaji wa kila aina, na mara nyingi maganda na mifuko hurundikana kando ya njia. Hatuwezi kudai kwamba kuokota mifuko hiyo ni ibada kwa marehemu. Tunasema tu kwamba mtu akijua ni ardhi gani, mkono wake hufanya kazi kwa namna nyingine.

Aliyemfuata, Baba Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alitujia mwaka 1997 kutoka Butembo-Beni, jimbo aliloliongoza tangu mwaka 1966. Kule alijulikana kwa kuwahimiza waamini wasingoje serikali iliyo mbali: watengeneze barabara, wajenge wenyewe, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, yeye akiwa askofu. Mtu wa namna hiyo angeweza kupendwa na kila mtawala, kwa kuwa raia wanaojitengenezea barabara hupunguza gharama. Lakini ni yeye huyohuyo ambaye, katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999, aliandika waziwazi juu ya wale walioinyonya nchi. Februari 2000 akazuiwa kurudi Bukavu na kupelekwa Butembo. Akaruhusiwa kurudi Septemba, akafariki karibu na Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Kwake, jembe la hiari halikuwa malipo ya kununua kimya. Tunalikazia jambo hili kwa sababu siku hizi wapo wanaofurahi sana kuona vijana wa parokia wakizibua mfereji ambao wakaaji wamekwisha kuulipia kodi. Kuzibua ni vema. Kuuliza kodi ilikwenda wapi ni vema vilevile, na mdomo huohuo unaweza kuimba asubuhi na kuuliza jioni.

Kazi yenyewe haina urembo. Mfereji ulioziba una tope zito, chupa za plastiki, nguo kuukuu, maganda ya mihogo na ya ndizi, vigae vya chupa, na mara nyingine vitu ambavyo hatutavitaja hapa. Anayeingia bila mabuti na glavu atarudi na jeraha. Wanaoongoza vizuri huwapa wadogo kazi ya kuokota vikavu juu ya barabara, na kuwaachia wakubwa tope. Jambo ambalo vikundi vingi hulisahau ni mwisho wa siku: tope likishatolewa, hurundikwa kando ya mfereji, watu husali, hupiga picha, huenda nyumbani. Kama mvua ikinyesha jioni, na kwetu mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, rundo lote hurudi ndani kabla ya Misa ya Dominika. Heri kikundi kinachosafisha mita 20 na kuondoa gunia zote, kuliko kile kinachosafisha barabara nzima na kuacha marundo.

Na rundo lisiporudi mferejini, linakwenda wapi? Hapa jiografia yetu ina jambo la kutufundisha. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko hapa Bukavu: mto Ruzizi, unaoshuka hadi Tanganyika. Kila chupa inayoelea ziwani, iwe imetupwa Kadutu, Goma au ng’ambo ya Rwanda, ina hatari ya kuvutwa kuelekea mlango huo. Kilomita chache baada ya mto kutoka ziwani lipo bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini zaidi ipo Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, iliyo mali ya pamoja ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Plastiki hukusanyika mbele ya bwawa kama zulia. Wafanyakazi huiopoa kwa mikono wakiwa juu ya chombo kinachoelea, siku baada ya siku, na bado taka zimekwisha kuharibu mitambo na kukata umeme. Hivyo mfuko uliotupwa usiku katika korongo la Cimpunda unaweza kuzima taa Uvira. Mwanasheria aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani angepata jibu lingine kwa kufuata mto huu.

Wengi wetu huvuka daraja la Ruzizi kwa biashara au kwa kutembelea jamaa, na hurudi wakisema: ng’ambo ni safi, kwa sababu kule watu wanalazimishwa. Ni kweli kwamba Rwanda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi za kawaida husimama asubuhi kwa ajili ya umuganda, na watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 wana wajibu wa kushiriki kwa sheria. Ni kweli pia kwamba Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008 na kuisimamia marufuku hiyo mpakani. Sisi pia tuna marufuku: amri ya serikali ya mwishoni mwa mwaka 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko hiyo nchini Kongo. Nendeni sokoni mkanunue nyanya, mtaona zinatiwa katika nini.

Hatuna haja ya kuwacheka majirani wala kuwaonea wivu. Lakini anayetaka tuige lazima ya umuganda ajue kwamba kwetu lazima ilikwisha kujaribiwa mara mbili, chini ya Mbelgiji na chini ya Mobutu, na mara zote mbili watu walibaki na chuki kwa jembe lenyewe. Kuna mfano mwingine, wa mbali zaidi. Tarehe 3 Mei 2008, katika nchi ndogo ya Estonia, watu kama 50,000 walitoka kwa hiari yao wakaondoa tani karibu 10,000 za taka zilizotupwa misituni na kando ya barabara, kwa siku moja. Wengi husimulia habari ya siku hiyo moja. Sisi tunavutiwa zaidi na miezi iliyotangulia: walichora kwanza ramani ya marundo, moja moja, wakakubaliana mapema magari ya nani yatabeba na taka zitapokelewa wapi. Estonia ina utajiri ambao sisi hatuna, na barabara zake si zetu. Lakini kuchora ramani ya makorongo ya parokia moja kunahitaji daftari, kalamu na vijana wanne wasioogopa kupanda. Shefu wa avenyu akiwekewa mezani ramani hiyo, yenye majina ya njia na idadi ya marundo, hawezi tena kusema hajui.

Hapahapa Bukavu wapo waliokwisha kuonyesha kwamba gunia linaweza kuwa na pa kwenda. Nicole Menemene, kwa kazi yake iitwayo Plastycor, hukusanya plastiki iliyotupwa ziwani na kuigeuza kuwa vikapu, vyungu vya maua na viti vidogo. Murhula Zigabe, kwa Briquette du Kivu, hukusanya taka zinazooza na kuzifanya makala ya kupikia. Hili la pili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu makala tunayoyazoea hutoka kwenye miti, na sehemu yake hukatwa katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997. Maganda ya ndizi yaliyokuwa yakiozea korongoni yanaweza kuivisha maharagwe.

Kwa hiyo shirika linalotaka kuanza Jumamosi ijayo lina gunia tatu za kutenganisha mapema, nyumbani, kabla taka hazijachanganyika na tope: maganda katika moja, chupa ngumu katika nyingine, mifuko laini katika ya tatu. Gunia ya kwanza inaweza kuwa makala au mbolea ya shamba la parokia. Ya pili ina watu wanaoitafuta. Ya tatu, ile ya mifuko iliyokatazwa tangu mwaka 2017 na inayouzwa kila siku, bado haina anayeitaka, na ndiyo ambayo vijana wangefanya vema kuipeleka, ikiwa imejaa, pamoja na ramani yao, kwa wale wenye wajibu wa kuisimamia amri hiyo.